Degedege Haikuwa Kwenye Bango

Wanachuo tukikaa kantini, lalamiko la kwanza ni bumu kuchelewa na la pili ni Kiingereza. Mhadhiri anafundisha saa mbili nzima, tunatoka nje tunaulizana kwa Kiswahili, "Oya, alimaanisha nini pale?" Hapo ndipo kipindi kinapoanza kweli. Kiswahili kwetu ni kupumua. Ndiyo maana inatuwia vigumu kuamini kwamba yupo Mtanzania ambaye Kiswahili kwake ni kama Kiingereza kwetu: lugha ya ofisini, anaisikia, anaitikia "ndiyo", halafu anarudi nyumbani na nusu ya alichoambiwa.

Nusu hiyo ikiwa ya historia ya elimu, utafeli mtihani na kurudia. Ikiwa ni maelezo ya dawa ya mtoto, hakuna mtihani wa kurudia. Kwa hiyo katika makala hii nataka tujifunze jambo moja kuhusu habari za afya na lugha za jamii ndogo. Mimi nasomea ualimu, wala si udaktari, na hoja yangu ni ya kiualimu: ujumbe wa afya haujafika mpaka mlengwa aweze kuusimulia kwa maneno yake mwenyewe. Na maneno yake, mara nyingi, yako kwenye lugha ambayo haiandikwi kwenye mabango yetu.

Nianze na kisa kilichotokea ndani ya Kiswahili chenyewe, ili tusidhani hili ni tatizo la watu wa mbali.

Miaka ya 1990 kulikuwa na mradi wa vyandarua wilayani Bagamoyo. Wazo lilikuwa rahisi. Malaria inaua watoto, mbu ndiye anayeieneza, chandarua kinamzuia mbu, basi waelezeni wazazi. Watafiti waliotangulia kusikiliza wanakijiji waligundua kitu ambacho bango lisingekionyesha. Watu wa Bagamoyo walikuwa na jina "homa ya malaria", na walijua vizuri kuwa inahusiana na mbu. Lakini homa hiyo kwao ilikuwa ugonjwa wa kawaida wa msimu wa mvua, wa kumeza vidonge na kupona. Ugonjwa uliokuwa ukiwaua watoto wao ulikuwa na jina lingine kabisa: degedege. Mtoto anakakamaa, macho yanageuka, anatetemeka mwili mzima. Chanzo chake kilisemwa kuwa shetani anayekuja kwa umbo la ndege au nondo. Tiba yake ilikuwa kwa mganga, ikiwamo kumfukiza mtoto kwa moshi wa kinyesi cha tembo, na wengi waliamini kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa.

Hebu tulia hapo kidogo, ndugu msomaji, ujiweke kwenye nafasi ya mama mmoja wa kule. Umeambiwa kwa Kiswahili fasaha, lugha yako ya kuzaliwa, kwamba chandarua kinazuia malaria. Umeelewa kila neno. Kisha mtoto wako anapata degedege. Je, chandarua kina uhusiano gani na shetani? Na kwa nini umpeleke hospitali, mahali pa sindano, wakati unajua sindano itammaliza? Huyu mama hakukosa akili wala hakupuuza elimu. Ametekeleza alichoambiwa kama kilivyosemwa. Waliotunga ujumbe walidhani "malaria" yao na "malaria" yake ni kitu kimoja, kumbe kwa daktari degedege ya namna ile mara nyingi ni malaria kali iliyofika kichwani, na kwa mama ni ugonjwa mwingine wenye tiba nyingine.

Leo ukiingia kliniki utasikia muuguzi akitaja degedege waziwazi kati ya dalili za hatari za kumkimbiza mtoto hospitalini. Neno la wenyewe limeingizwa ndani ya ujumbe, halikufukuzwa kama ushirikina. Nadhani hilo ni moja ya mambo makubwa zaidi ambayo elimu ya afya ya nchi hii imewahi kujifunza, na nashangaa kwamba halifundishwi kwenye kozi zetu za mbinu za kufundishia.

Sasa, kama Kiswahili kwa Kiswahili kuna shimo la ukubwa huo, fikiria tunapovuka kutoka Kiswahili kwenda lugha nyingine.

Tanzania ina lugha zaidi ya 120. Tunapenda kuitaja namba hii kwenye mashindano ya chemsha bongo halafu tunaisahau. Eneo la Mbulu, Hanang, Kondoa na Singida peke yake lina jambo ambalo ni adimu barani Afrika. Hapo wanakutana Wairaki, ambao lugha yao ni ya Kikushi. Wadatoga na Wamasai, wenye lugha za Kiniloti. Wanyaturu, Wanyiramba na Warangi, wenye lugha za Kibantu kama Kiswahili. Na Wasandawe pamoja na Wahadzabe, ambao lugha zao zina sauti za kudodosa ulimi. Kihadza hakijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote duniani, na wazungumzaji wake ni kama 1,000 tu, kandokando ya Ziwa Eyasi. Mnyiramba akijifunza Kiswahili anakuta maneno mengi yanafanana na ya kwao na sarufi inakwenda njia moja. Mdatoga hana bahati hiyo. Anaanzia sifuri, kama wewe ulivyoanza Kiingereza darasa la tatu.

Mazoezi yangu ya kufundisha niliyafanya huko mkoa wa Manyara, shule ambayo nusu ya darasa wanaongea lugha moja nyumbani, robo lugha nyingine, na mimi Mnyiramba nimeletwa na ndoo yangu na godoro. Darasani mambo yalikwenda, watoto Kiswahili wanakijua. Lakini jirani na shule kulikuwa na zahanati, na jioni nilikuwa napita pale kununua muda wa maongezi kwenye duka la pembeni. Nikazoea kuona wanafunzi wangu kwenye benchi la wagonjwa. Sio kwamba walikuwa wanaumwa. Walikuwa wakalimani.

Mtoto wa darasa la tano amekaa kati ya bibi yake na tabibu. Tabibu anauliza kwa Kiswahili, mtoto anageuza, bibi anajibu maneno marefu ya kutosha kujaza ukurasa, mtoto anarudi na neno moja: "Tumbo." Siku moja binti mmoja ninayemfundisha alikuwa amemsindikiza shangazi yake. Kwa jinsi alivyokuwa ameinamisha kichwa nilielewa kwamba swali lililoulizwa halikuwa la umri wake. Baadaye nilimuuliza tu kama shangazi anaendelea vizuri. Akaniambia, "Mwalimu, yale mengine sikuyasema. Ni aibu." Sikumuuliza ni yapi. Sijui mila ya kabila gani hapa nchini inayomruhusu mtoto kumtajia mtu wa nje habari za uzazi za shangazi yake, tena mbele yake mwenyewe. Ile zahanati haikuwa na ubaya wowote, na tabibu yule alikuwa mvumilivu kuliko wengi niliokutana nao mjini. Lakini mfumo mzima ulikuwa umetegemea kwamba atatokea mtoto.

Huko huko ndipo nilipoanza kuyaangalia maneno ya Kiswahili cha afya kwa macho ya mtu asiyekuwa wa kwetu. Chukua "karantini". Kwetu sisi neno hili lilipata umaarufu mwaka 2020. Kwa mfugaji, karantini ni neno la zamani sana, na ni la ng'ombe: afisa mifugo anatangaza karantini, mnada unafungwa, hakuna kuhamisha mifugo mpaka ugonjwa wa midomo na kwato upite. Ni neno la hasara. Mzee mmoja, tulipokuwa tunapiga stori pale dukani, aliniuliza kwa utani kama watu nao walivalishwa hereni masikioni wakati ule. Tulicheka. Ila ukimwambia mzee huyo kwamba mwanaye "amewekwa karantini", ujue picha inayomjia kichwani.

Au chukua "barakoa". Kabla ya Uviko-19, neno hilo lilikuwa la Pwani na Unguja, likimaanisha vazi la kufunika uso la wanawake, lenye asili ya Uarabuni. Tukalichukua, tukalipa kazi mpya, na ndani ya miezi michache nchi nzima ikalizoea. Huo ni ushahidi kwamba Kiswahili kina uwezo wa kujizalishia maneno haraka, na mimi nakipenda kwa hilo. "Kitakasa mikono" nalo ni zuri. Lakini maneno haya yalizaliwa na kuenea kwa sababu yalikuwa na redio, televisheni, magazeti, mabango na viongozi wa kuyarudia kila siku. Neno la Kisandawe au Kiburunge kwa ajili ya kitu kile kile lilikuwa na nani?

Watu wasipopewa neno, huwa hawakai kimya. Wanatunga la kwao. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na wenyeji wakauita ugonjwa ule "Juliana", jina la kitambaa cha fasheni kilichokuwa kikiingizwa kwa magendo kutoka Uganda. Jina linakueleza fikra nzima: ugonjwa umekuja na biashara ya mpakani, na wanaoupata ni wanaopenda mitindo na pesa za haraka. Fikra hiyo ina ukweli kidogo na upotoshaji mwingi. Mkulima asiyewahi kuvaa Juliana anajihesabu yuko salama. Baadaye likaja neno "Ukimwi", upungufu wa kinga mwilini, na kwa maoni yangu ni moja ya maneno bora kabisa tuliyowahi kutunga, kwa sababu maelezo ya ugonjwa yamo ndani ya jina. Na bado mtaani watu waliendelea kusema "kakanyaga miwaya" au "ana ngoma". Mtunga ujumbe ambaye hajui neno la mtaani anaongea peke yake.

Nivuke mpaka sasa, niende Kongo. Huko Kiswahili chetu kinaonekana kikiwa upande wa pili wa meza.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola katika Kivu Kaskazini, ukianzia eneo la Mangina karibu na Beni. Ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 kati yao walifariki. Ni mlipuko wa pili kwa ukubwa tangu Ebola ijulikane, ukitanguliwa na ule wa Afrika Magharibi. Jambo la kuumiza ni kwamba safari hii chanjo ilikuwepo, na zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Dawa zilikuwa zinajaribiwa na kuonyesha matumaini. Bado watu walificha wagonjwa, na Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa.

Lugha haikuwa sababu pekee, na mtu akikuambia hivyo anakudanganya. Eneo lile lilikuwa na vita na mauaji ya raia kwa miaka mingi. Kisha uchaguzi mkuu wa Desemba 2018 ukaahirishwa Beni na Butembo kwa sababu iliyotajwa kuwa Ebola na usalama, watu wakaona wameporwa kura. Katika hali hiyo, chochote kinachosemwa na mgeni kinapimwa mara mbili. Lakini hapo ndipo lugha inapokuwa na uzito zaidi, kwa sababu mtu mwenye wasiwasi anasikiliza kwanza nani anaongea, kwa lugha gani, kabla hajasikiliza anasema nini.

Beni na Butembo ni nchi ya Wanande, na Kinande ndiyo lugha ya nyumbani kwa wengi. Kiswahili ni lugha ya sokoni na barabarani, Kifaransa ni cha ofisi na shule. Operesheni nzima dhidi ya Ebola iliitwa kwa Kifaransa "riposte", neno lenye harufu ya kijeshi, la kurudisha mapigo. Mgonjwa aliyekuwa hajapimwa aliitwa "suspect", neno ambalo mtu wa eneo la vita analijua kutoka kwa askari. Hata sisi huku tulijikwaa kwenye shimo hilohilo wakati wa korona, vyombo vya habari vilipoandika "washukiwa wa korona". Mshukiwa ni mtu wa polisi. Wizara yetu inatumia "mhisiwa", ambalo ni afadhali sana, ingawa kwa bibi yangu ni neno geni kama yale mengine.

Na kile Kiswahili chenyewe kinachoandikwa kwenye vipeperushi, ni cha nani? Mashariki ya Kongo utasikia "batu banasema" pale ambapo sisi tunasema "watu wanasema". Maneno mengi ya kila siku yametoka Kifaransa na lugha za huko. Kipeperushi cha Kiswahili sanifu kikifika pale, mwenye kukisoma anajua mara moja kwamba hakikuandikwa na jirani yake. Sisemi kwamba hakieleweki kabisa. Nasema kinaeleweka kwa namna tunavyoelewa tangazo la uwanja wa ndege, na ugonjwa wa mama yako si tangazo la uwanja wa ndege.

Kuna mfano mmoja kutoka Afrika Magharibi unaonipa moyo. Katika mlipuko wa 2014 huko Guinea, Liberia na Sierra Leone, mazishi yalikuwa njia kubwa ya maambukizi, kwa sababu maiti ya mtu aliyekufa kwa Ebola ina virusi vingi na ndugu huiosha kwa mikono. Timu zilikuja na mavazi ya plastiki, zikachukua maiti, zikazika. Familia zikakimbia na maiti zao usiku. Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mpya ulioandaliwa pamoja na wawakilishi wa dini za Kiislamu na Kikristo, ukiitwa wa mazishi salama "na yenye heshima". Ukiliangalia haraka utasema wameongeza neno moja tu. Neno hilo lilikuja na mambo ya kufanya: familia ipewe nafasi ya kuona, kuomba, kushiriki kwa mbali, na Mwislamu afanyiwe tayamamu na sanda badala ya kutupwa tu ndani ya mfuko. Huwezi kutafsiri "heshima" kwa lugha ya mtu bila kumuuliza heshima kwake ni nini. Ukishamuuliza, tayari umeanza kubadilisha huduma yenyewe.

Turudi kwenye ualimu, maana nimeahidi somo. Kuna kosa ambalo wengi wetu tunalifanya tukipewa kazi ya kutafsiri: tunaanza na sentensi ya Kiingereza, tunaigeuza Kiswahili, kisha tunampa mtu wa kijijini aigeuze kwa lugha yake. Kila hatua inadondosha kitu. Ngoja nikuonyeshe kwa sentensi mbili tu.

Ya kwanza ni ya dawa mseto ya malaria. Dozi ya pili inamezwa baada ya saa 8 tangu ya kwanza, halafu zinazofuata kila baada ya saa 12. Sasa soma tena: "baada ya saa 8". Ni kipindi cha saa nane, au ni baada ya saa nane mchana? Kwenye Kiswahili sentensi hiyo ina maana zote mbili, na mama aliyempa mtoto dozi ya kwanza saa moja asubuhi anaweza kumsubirisha hadi saa tisa au kumpa saa nane na dakika tano, kutegemea alivyoisikia. Kama dozi ya kwanza imetolewa saa nne usiku, mambo yanaharibika zaidi: mmoja atampa saa kumi na mbili asubuhi, mwingine atasubiri mpaka mchana. Mkalimani akishaipokea hivyo, atachagua maana moja bila kujua kwamba amechagua. Ni afadhali kumwambia mama: "Umempa sasa hivi, jua linachomoza. Mpe tena jua likianza kuteremka alasiri, kabla ya wakati wa kurudisha ng'ombe." Haina namba hata moja na inakaribia ukweli zaidi.

Ya pili: "Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita." Neno linaloleta shida ni "pekee". Kwa akina mama wengi, maji si chakula, maji ni maji. Ukimuuliza kama mtoto anakula chochote zaidi ya ziwa, atasema hapana, kwa ukweli kabisa, na pembeni kuna kikombe cha maji ya kumpoza mtoto kwa ajili ya joto. Hapo tafsiri ya "pekee" kwenye lugha yoyote haitasaidia. Inabidi utaje maji kwa jina.

Utajuaje kwamba umekosea? Hapa ndipo sisi wa elimu tuna silaha ambayo wenzetu wa vitivo vingine hawana. Usiulize "mmeelewa?" Kila mwalimu anajua jibu la swali hilo, darasa zima linaitikia "ndiyoo" kwa sauti ya kwaya. Muombe mtu akueleze, kwa lugha yake, kama anamwelezea dada yake aliyebaki nyumbani. Kisha mtu wa tatu ambaye hakuusikia ujumbe wa mwanzo akurudishie kwa Kiswahili alichosikia. Mahali simulizi inapopinda, hapo ndipo pa kurekebisha, na unarekebisha ujumbe, humrekebishi mtu. Inachukua muda, ndiyo. Ila ni nafuu kuliko kuchapa vipeperushi elfu kumi vya kufungia maandazi.

Najua wapo watakaonipinga, na pingamizi la kwanza nalijua kwa moyo kwa sababu baba yangu analo. Atasema Mwalimu Nyerere alituunganisha kwa Kiswahili, leo mnataka kutangaza kwa lugha za makabila, kesho tutakuwa na vyama vya makabila. Naiheshimu hofu hiyo. Kanuni zetu za utangazaji zimejengwa juu yake: redio itumie Kiswahili au Kiingereza, lugha nyingine mpaka kwa kibali. Wenzetu wa Kenya wana redio za Kikuyu, Kijaluo, Kikamba na nyingine nyingi, na mwaka 2007 na 2008 baadhi ya redio hizo zililaumiwa kwa kuchochea chuki. Siwezi kujifanya sijui. Lakini kumweleza bibi wa Kidatoga namna ya kutambua kichomi kwa mjukuu wake si siasa za kabila. Na sijawahi kusikia umoja wa taifa uliovunjwa na maelezo ya kuharisha.

Pingamizi la pili ni gharama, na kwamba lugha nyingi hazina maandishi ya kuzoeleka. Hili kwangu ni jepesi zaidi. Nani amesema lazima tuandike? Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya", na watu wazima wapatao milioni 2 walishiriki. Redio ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa vikundi vya kusikiliza vijijini, kila kikundi na kiongozi wake aliyepewa mafunzo, watu wanasikiliza kipindi, wanajadili, kisha wanaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka vichaka, kuchemsha maji. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Kiongozi yule hakuwa msomaji wa taarifa, alikuwa jirani. Leo tuna simu zinazorekodi sauti, na Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga kufikisha zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Wahudumu hao wanatoka kwenye vitongoji na mitaa yao. Wanajua kuongea na bibi. Ninachoomba ni kwamba mafunzo yao yawape saa kadhaa za kukaa pamoja, wenye lugha moja, na kukubaliana kwa sauti watasemaje "shinikizo la damu", "kifafa cha mimba", "chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi". Wasiachiwe kila mmoja atunge lake akiwa mlangoni kwa mtu.

Zoezi hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Nililipeleka kwenye kundi letu la semina mwezi uliopita, tukakaa chini ya mwembe ule wa nyuma ya maktaba. Kila mtu alitakiwa aeleze kwa lugha ya kwao, bila neno hata moja la Kiswahili wala Kiingereza, kwamba mtu mwenye shinikizo la damu anapaswa kumeza dawa kila siku hata akijisikia mzima. Kelele zilikuwa nyingi dakika ya kwanza, kisha kimya. Mmoja alikwama kwenye "shinikizo". Mwingine alisema lugha yake ina neno la damu "kupanda", lakini linatumika kwa mtu mwenye hasira, kwa hiyo bibi atadhani dawa ni ya kutuliza hasira, na hasira zikiisha ataacha kumeza. Mimi mwenyewe kwenye Kinyiramba nilifika hadi "hata ukijisikia mzima" nikaona sentensi inaniambia kwamba mtu huyu haumwi.

Jamaa yetu Mwiraki aliamua kumpigia mama yake simu, akaweka sauti ya juu tusikie. Alimweleza hoja yote kwa lugha yao, taratibu, akitafuta maneno. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kimya kikapita, halafu akauliza kitu kifupi, na jamaa akashika kichwa huku anacheka.

"Anasema nini?" tukamuuliza.

"Anauliza ni nani anaumwa, na kwa nini tunamficha."